Sauti Isiyomfikia Mama

Mwanzo nilidhani ni vumbi la chaki. Walimu wa madarasa ya chini huku Kiuyu, Pemba, wote wanakohoa, na kila anayekohoa husema ni chaki, basi na mimi nikasema ni chaki. Asubuhi sauti ilitoka vizuri. Kufika saa nne inaanza kukwaruza, na adhuhuri nabakiwa na kitu kama upepo unaopita kwenye tundu la kitasa. Nikirudi nyumbani nakunywa maji ya moto na tangawizi, nalala, na asubuhi yake naamka nayo tena. Nilikwenda hivyo muda mrefu, mpaka zikaanza kuja asubuhi ambazo niliamka sina kitu.

Nilikuwa nasomesha darasa la kwanza. Watoto walizidi madawati, na waliobaki walikaa chini juu ya mikeka, magoti yamegusana. Ukuta uliotutenga na darasa la pili haukufika juu, kwa hiyo mwenzangu akianza hesabu lazima nami nipandishe sauti, la sivyo watoto wangu watahesabu pamoja na wake. Naye akinisikia nimepanda, anapanda. Mvua ikipiga bati tulikuwa tunapiga makelele sote wawili, kila mmoja upande wake, na hakuna mtoto anayesikia neno. Alasiri nasomesha chuo cha Kurani barazani kwa jirani, watoto wale wale, mara hii juzuu mikononi. Nikishawafungulia, narudi kwa mama.

Tuliishi wawili, mimi na mama. Mume wangu tulikwisha kuachana, kaka yangu yuko Wete na familia yake. Mama masikio yake yalikuwa yakiziba kidogo kidogo kwa miaka, na mwishowe watu wengi kwake walikuwa midomo inayocheza tu. Sauti yangu ilimfikia, lakini kwa kupiga kelele. Mgeni akipita njiani angedhani tunagombana. Nilikuwa nikimuuliza samaki nimkaange au nimtie mchuzi, na jirani huko uani kwake ananijibu, "Mtie mchuzi!" Tulicheka. Sikuwahi kufikiri kwamba huko nako ni kazi ya koo, kama ile ya skuli na ile ya chuo.

Kila mtu alikuwa na dawa. Tafuna karafuu. Sukutua maji ya chumvi. Asali na ndimu, asubuhi kabla hujatia kitu kinywani. Mke wa imamu akaniambia kwa upole kwamba mwenye sauti nzuri hakosi jicho la mtu, kwa sababu zamani nilikuwa nikisoma kasida kwenye maulidi na wanawake walikuwa wakitoka mbali kuja kusikiliza. Akaniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kukoshwa kwa maji. Nikanywa. Sikuona vibaya kunywa. Sauti haikurudi.

Kilichonitia hofu hasa ni watoto. Siku moja nilimsimamisha mtoto wa kike asome ubaoni, ba be bi bo bu. Akasoma kwa sauti ya kukwaruza, nzito, ya kukatika katikati. Nikadhani ana mafua. Nikamsimamisha mwengine, naye vivyo hivyo. Wa tatu pia. Hawakuwa wananidhihaki, nyuso zao zilikuwa na adabu zote. Walijifunza kusoma kwangu, na wao walijua kusoma kunakuwa hivyo. Nikawaambia waende wakacheze, ingawa kengele ilikuwa haijalia, nikaufuta ubao.

Mwalimu mkuu ni mtu mwema, sina la kumlaumu. Nilipomwambia nataka ruhusa niende hospitali, alinitazama kwa macho ya mtu aliyechoka.

"Mwalimu, sote makoo yanatuuma," alisema. "Mimi mwenyewe nikitoka gwaride la asubuhi siwezi kumeza mate."

"Najua, mwalimu. Lakini mimi inakatika kabisa."

"Haya nenda. Ila darasa lako sina wa kumweka. Watakaa na darasa la pili."

Nilikwenda hospitali ya Chake, na Chake wakanipeleka Unguja, kwa sababu kitu cha kuangalilia ndani ya koo hakikuwapo kwetu. Daktari alikuwa kijana kuliko mimi. Alinipitishia puani mpira mwembamba wenye taa na kamera, machozi yakinitoka, akaniambia niseme "iii". Nikasema. Akageuza kioo nione. Nyuzi za sauti zilikuwa mbili, nyeupe, zinafunguka na kufunga kama mlango wa pande mbili, na katikati ya kila mmoja kimeota kijinundu. Kwa vinundu vile mlango haufungi sawasawa, na pumzi inavuja.

"Unafanya kazi gani, dada?"

"Mwalimu."

"Wa darasa la ngapi?"

"La kwanza."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Wiki hii wewe ni mwalimu wa tatu. Na muadhini mmoja, na yule anayenadi samaki sokoni."

Akanieleza. Si saratani, nimshukuru Mungu. Ni kama sugu inayoota mkononi kwa mpini wa jembe. Kwanza ninyamaze kabisa wiki mbili, na kunong'ona pia hapana, kwa sababu kunong'ona kunachosha nyuzi pengine zaidi ya kusema. Ninywe maji mengi, nisikohoe kusafisha koo. Baada ya hapo nianze kusema polepole, kwa sauti ya chini, nisipige kelele tena. Vinundu vikikataa kupungua, tutazungumza habari ya kuvitoa. Ingefaa nipate mtu wa kunifundisha namna ya kusema upya, lakini Pemba hakumjua wa aina hiyo.

"Usipige kelele," alirudia, kama aliyekuwa akiliona darasa langu.

Nikataka kumwambia nina mama asiyesikia. Lakini wiki mbili zilikuwa zimekwisha kuanza, alisema zianze pale pale, nikanyamaza.

Skulini mambo yalikuwa rahisi kuliko nyumbani. Niliandika ubaoni kwenye chumba cha walimu kwamba nimekatazwa kusema, wenzangu wakasoma, mmoja akasema, "Wallahi na mimi nikatazwe," wakacheka. Darasa langu safari hii walimpa mwanafunzi wa mafunzo ya ualimu, mimi nikawa nasahihisha madaftari na kupiga makofi watoto wakizidi. Siku mbili za mwanzo wale watoto nao walinyamaza, wakawa wanaombana kalamu kwa ishara. Siku ya tatu wakazoea, ukawa msiba.

Nyumbani nilikuwa sijajipanga. Nilirudi kutoka Unguja, nikaingia, mama yuko kwenye kibao anasuka ukili. Akaniuliza safari. Nikamshika mkono, nikatabasamu, nikaonyesha koo, nikatikisa kichwa.

"N'nini? Linakuuma?"

Nikatikisa kichwa kwamba haliumi.

"Basi sema."

Mama hakujua herufi za kizungu. Alihitimu Kurani utotoni, na msahafu wake alikuwa akiusoma kila alfajiri. Nikachukua ubao mdogo wa chuoni, nikaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na irabu zake zote, Daktari amenikataza kusema. Nikampa. Akauweka karibu na macho, akapitisha kidole kutoka kulia, midomo ikitembea. Alianza vizuri. Kisha akarudi mwanzo, akajaribu kuvuta kama anavyovuta aya. Akanitazama.

"Hii sura gani hii? Siijui."

Nikacheka bila ya sauti, mabega tu. Hapo ndipo alipokunja uso. Aliona namcheka.

Nikamwita jirani, yule wa mchuzi, nikamwandikia kwenye simu, naye akamwinamia mama sikioni akapiga kelele.

"Kakatazwa kusema!"

"Kakatazwa na nani?"

"Na daktari!"

"Daktari gani anomkataza mtu kusema na mamake?"

Jirani akanitazama, akainua mabega. Sauti yake nyembamba, na sina hakika mama alipata zaidi ya nusu. Akaondoka.

Siku zilizofuata nilimpikia, nikamfulia, nikamkanda miguu kama kawaida. Nilimbusu mkono asubuhi na jioni. Lakini mtu ambaye siku zote anakupigia kelele, halafu akanyamaza, akawa anakuwekea sahani mbele na kutabasamu, lazima utaona kuna jambo. Mama alianza kunitazama kwa pembeni. Akaacha kuniuliza vitu. Mara moja nilimsikia anamwambia kuku uani, "Weye angalau unalia."

Wiki ya pili, siku ya Alkhamisi, niko jikoni natwanga kisamvu. Mama akaja akasimama mlangoni na mkongojo wake. Akangoja mpaka nikauweka mchi.

"Miye najua," alisema. "Najua kwa nini kununa."

Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Sikununa.

"Kama ni lile konde la Mtambwe, mwanangu, usinifanye hivi. Nilimpa kakako kwa sababu yeye ana watoto. Weye huna. Nilimwita sheha ashuhudie, tukamaliza. Nilitaka nikwambie, nikaona aibu. Sasa kwisha kujua, basi niseme, nitukane, lakini usininyamazie ndani ya nyumba yangu."

Konde la Mtambwe ni mikarafuu ya baba. Nilikuwa nikienda kuchuma huko tangu mdogo, na kila msimu mimi ndiye niliyelala kwenye banda, mimi ndiye niliyeanika. Sikujua kwamba limepewa mtu. Hakuna aliyeniambia. Kaka alikuwa akija Ijumaa, anakula kwangu, anasema mashaallah pilau hii, anaondoka.

Nilisimama pale, majani ya mihogo yamenigandia vidoleni. Mama alikuwa akinisubiri nijibu. Nilikuwa na maneno mengi kifuani. Nikayashika. Kisha nikaona jinsi anavyonitazama, kama mtu aliyekwisha kutua mzigo na sasa anapumzika, na yakanitoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilipiga kelele niliyokuwa sijaipiga hata siku za mvua. Nilisikia kitu kikipasuka kooni, hivyo ndivyo nilivyosikia, na neno la mwisho halikutoka kabisa, ilitoka hewa. Jirani alikuja mbio, upande wa kanga ukiburuza. Alidhani mama kaanguka.

Mama alikuwa amesimama vile vile. Aliona kinywa changu kimefunguka na kufunga.

"Kunena nini?" akauliza. "Sikusikia."

Nikatoka nje. Nilikwenda mpaka ufukweni, kwenye mwani wa watu ulioanikwa, nikakaa mpaka magharibi. Na niliporudi, nikanuna kweli. Mwanzo sikununa akaniona nimenuna, sasa nilikuwa nimenuna hasa, na kwa nje hakukuwa na tofauti kubwa. Sahani ile ile, ila tabasamu nikaliacha.

Niliporudi kwa daktari alitazama muda mrefu. Alisema ukelele mmoja hauleti yote haya, uharibifu ni wa miaka, lakini palivuja damu kidogo kwenye uzi mmoja na pamefanya kovu. Baadaye walinitoa vinundu. Sauti ilirudi kiasi. Ni hii niliyonayo sasa, ya chini, ina mchanga ndani yake, na haipandi. Ukinikaribia utanielewa vizuri. Ukivuka chumba hunipati. Kasida sisomi tena. Nilijaribu mara moja peke yangu, chumbani, mlango umefungwa. Nikaacha kabla ya ubeti kwisha.

Mwalimu mkuu alinihamishia darasa la nne, ambako watoto wanajua kusoma ubaoni. Chuo nilikiacha, na wazazi wengine waliona nimeringa kwa kuwa nimetibiwa Unguja. Nilipanga madawati kwa mduara, nikawa natembea katikati, nasema na watoto wachache wachache. Mkaguzi mmoja alipokuja alisema mbona sisikiki kutoka mlangoni. Nikamwambia aingie ndani.

Nyumbani, mimi na mama tulipatana, kama kupatana ndiko kule. Hasira zilikwisha zenyewe. Siwezi kukumbuka siku. Mtu unayemkata kucha za miguu huwezi kumnunia muda mrefu. Lakini hatukulizungumza lile jambo, kwa sababu la kuzungumzia sikuwa nalo. Nilikuwa namwinamia, naweka mdomo sikioni kabisa, nasema, na yeye ananijibu kitu chengine. Nikisema, "Mama, chai," ananiambia kakako hajambo. Mwishowe akawa anasema yeye peke yake, na mimi namshika goti kumwonyesha nipo. Alinihadithia mambo mengi ya ujana wake ambayo nilikuwa siyajui. Labda angeniambia hata kama ningekuwa na sauti yangu. Labda asingeniambia, kwa sababu ningekuwa nasema mimi.

Kuna mara moja tu alilitaja konde tena. Alisema, "Lile jambo, kunisamehe?" Nikamwinamia nikasema nimesamehe. Akanitazama usoni, akingojea. Nikasema tena. Nikatikisa kichwa ndiyo, nikambusu kipaji. Alinipapasa shavu akasema, "Haya." Mpaka leo sijui haya ile ilikuwa ya nini, ya mtu aliyepokea jibu au ya mtu aliyekata tamaa ya kulipata.

Alifariki baada ya msimu wa karafuu. Hakuugua sana, homa na kifua. Asubuhi ile tuliona miguu imekuwa baridi, nikampigia simu kaka, akaja kutoka Wete na pikipiki. Mama alikuwa amelala ubavu, macho nusu. Jirani akaniambia, "Mtamkishe, mwanangu, wewe ndiye uliyemuuguza." Nikapiga magoti. Nikaweka mdomo sikioni mwake na nikatamka shahada, neno kwa neno, kwa ile sauti niliyonayo. Uso wake haukutikisika. Nikarudia. Nilivuta pumzi nikajaribu kuipandisha, na ikakatika kama inavyokatika siku zote, na maneno ya Mungu yakatoka nusu.

Nikainua kichwa, nikamtazama kaka. Yeye ana kifua kipana, sauti ya mtu wa kunadi. Nikasogea. Nikampisha pale nilipokuwa nimepiga magoti.

Akainama akatamka, polepole, kwa sauti iliyojaza chumba. Mara ya pili, midomo ya mama ikaanza kutembea. Sikusikia alichosema, hakuna aliyesikia, lakini midomo ilikwenda sawa na ya kaka mpaka mwisho. Kidole chake cha shahada kikainuka kidogo juu ya shuka. Nilikuwa nimeshika mkono wake mwengine. Nilimshukuru Mungu. Na hapo hapo nilimwonea kaka wivu, wivu mbaya, zaidi ya ule wa mikarafuu, na niliona haya kuwa nao mbele ya mama anayekata roho.

Tulimzika baada ya alasiri. Wanawake wakaja kuhani msiba, wengine kutoka mbali, wengine wale waliokuwa wakija kusikiliza kasida zangu. Nilikaa juu ya mkeka, buibui mpaka kwenye nyusi, nikapokea mikono. Kila aliyeniambia pole nilimjibu, nimeshapoa, na kila mmoja akiisikia sauti yangu anashtuka, ananivutia kifuani.

"Usilie hivyo, mwanangu," aliniambia bibi mmoja mzee, machozi yakimtoka mwenyewe. "Tazama, sauti yote imekwisha. Mwache mamako apumzike."

Akawageukia wenzake akawaambia, "Masikini, kalia mpaka koo limefunga." Wakaitikia, wakanisifu kwa mapenzi yangu kwa mama.

Nilikuwa sijalia hata tone. Jirani, aliyejua, alinitazama kutoka upande wa pili wa mkeka, akainamisha macho akaendelea kuhesabu tasbihi. Nami nikamwacha yule bibi anishike kichwa begani kwake, harufu ya udi na jasho, anipigepige mgongo kama mtoto, akinambia nyamaza, nyamaza, basi, nyamaza.